Ini la Mtu Asiyekunywa Pombe

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya lishe mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo: mkisema kazi yenu ni kuwaeleza watu wale nini, hakuna anayewacheka. Mimi nilipoajiriwa hapa Nyeri, wenzangu wa rika moja waliniuliza kama barua ya kazi imekuja pamoja na aproni. Mwanamume mzima, mwana wa mkulima wa kahawa, anazunguka vijijini na mizani ya watoto na bakuli la kuonyeshea uji. Mama yangu mwenyewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba niko hospitalini, kisha ananyamaza hapo hapo ili wadhani mimi ni daktari. Sikumlaumu. Mpaka leo kuna watu mjini wanaoniita Daktari wa Mboga, na wakiniita huitika.

Nimestaafu sasa. Nina ng'ombe mmoja, migomba michache na muda mwingi wa kukumbuka makosa yangu. Nataka kuwasimulia moja hasa, kwa sababu nililifanya kwa kalamu, na kalamu kila mmoja wenu anayo mfukoni. Nitalifikia. Mzee akianza kuzungumza huwa hakatizwi, hiyo ndiyo faida pekee ya mvi.

Tulipoanza kazi, adui wetu alikuwa njaa. Watoto walikuja kliniki wakiwa na nywele za rangi ya kutu na miguu iliyovimba, na dawa yetu ilikuwa mafuta na sukari. Mama, ongeza kijiko cha mafuta kwenye uji. Mama, tia sukari. Niliyasema maneno hayo miaka mingi hadi mke wangu akasema huyasema hata usingizini. Mambo yakabadilika taratibu, bila mtu kutupigia simu kutujulisha, na wale watoto wakawa watu wazima wenye matumbo, kisukari na presha. Mashine za ultrasaundi zilipofika karibu nasi, tukaanza kuona kwa macho kitu tulichokuwa tumekisoma vitabuni tu: ini lililojaa mafuta. Kwenye picha ini la namna hiyo hung'aa, likawa jeupe kuliko figo iliyo jirani yake. Mwenyewe mara nyingi hasikii chochote, au anasikia uzito kidogo upande wa kulia chini ya mbavu. Basi nikalazimika kuwageukia watu walewale na kuwaambia wapunguze kile nilichowaambia waongeze. Mama mmoja akasema, "Daktari, ukishajua unataka nini, utakuja uniambie."

Aliyenifundisha kazi hii si mwalimu wa chuo. Alikuwa Mama Zainabu, mpishi wa hospitali, Mwislamu wa mtaa wa Majengo aliyezungumza Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba sisi watu wa mlimani tuliona haya kufungua mdomo mbele yake. Niliingia jikoni kwake wiki ya kwanza na chati yangu mpya ya vyakula, yenye michoro ya rangi. Akaisoma yote, mpaka chini.

"Chati yako nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa njoo uangalie."

Akanipeleka kwenye sufuria ya sukuma wiki iliyokuwa imechemshwa tangu saa tatu asubuhi. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya gunia. Msaidizi wake mpya alikuwa ameyamimina maji yake ya kijani mtaroni, na mvuke bado ulikuwa ukipanda.

"Hayo yaliyokwenda mtaroni ndiyo uliyoyaandika kwenye chati," Mama Zainabu akasema. "Wagonjwa wako watakula gunia."

Kuanzia siku hiyo nilishinda jikoni kwake kuliko ofisini. Alinifundisha kuosha mboga kabla ya kuikata, si baada. Kuikata wakati sufuria tayari iko motoni, si asubuhi kwa ajili ya jioni. Maji kidogo, mfuniko juu, dakika chache, na magadi yakae mbali hata kama yanalainisha na kufanya kijani kivutie. Kitunguu chekundu alikimenya kwa uchoyo, akiondoa ganda kavu peke yake, maana alisema utamu wa kitunguu uko karibu na ganda. Hakuwa amelisoma hilo mahali popote. Miaka mingi baadaye, kwenye semina, mtaalamu mmoja alisimama akatueleza jambo hilo hilo kuhusu ganda la kitunguu, kwa maneno marefu, nami nikacheka peke yangu hadi nikaombwa nitoke nikanywe maji.

Kwenye semina hiyo ndipo nilipolipata jina: flavonoidi. Ni vitu ambavyo mmea hujitengenezea wenyewe, kujikinga na jua na wadudu na mengine yanayousumbua. Viko kwenye wekundu wa kitunguu, kwenye weusi wa maharagwe ya njahi, kwenye ule ukakasi wa chai unaokausha ulimi, kwenye machungwa, kwenye mchicha tunaouita terere na majani ya malenge. Tukivila, vinaonekana kulisaidia ini lisirundike mafuta na lisiumie upesi. Nimesema vinaonekana, na nimesema kwa makusudi. Mengi yamechunguzwa kwenye maabara na kwa wanyama, na kwa binadamu bado wanaendelea kutafuta. Ukimwambia mtu kwamba kitunguu kitamponya ini, umemdanganya. Ukimwambia kwamba sahani yenye mboga za rangi, maharagwe na matunda, ikiwa na sukari kidogo na mtu mwenyewe anatembea na kupunguza tumbo, inaweza kulilinda ini lake, hapo umesema kweli na unaweza kumtazama machoni.

Nilikosea mara moja kulipeleka jina hilo mkutanoni. Ilikuwa Wang'uru, kwa akina mama wa mpunga, watu wanaokula wali mweupe asubuhi, mchana na jioni kwa sababu ndio walio nao. Nikalitaja flavonoidi labda mara ishirini, nikijisikia msomi. Nilipomaliza, mama mmoja akainua mkono. "Sasa hiyo kitu, daktari, inauzwa kwa kemisti gani?" Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Baada ya wiki mbili nikasikia kuna mtu sokoni anauza unga wa kijani kwenye mikebe, akisema ametumwa na mimi. Nilirudi nikawaambia wasinunue, na nikawaambia kitu ambacho nanyi mkishike: vidonge na unga wa majani yaliyokolezwa sana, hata ya chai, vimewahi kuumiza ini ambalo mtu alitaka kulitibu. Chakula ni chakula. Tangu hapo nilifundisha rangi tu. Tia kijani kwenye wali wako, tia nyekundu, tia nyeusi. Walinielewa siku hiyo hiyo.

Na Doldol walinifundisha adabu. Nilienda kule kuwahubiria kabichi wafugaji ambao kabichi kwao hufika imechoka kuliko mimi. Mzee mmoja akanipa supu iliyochemshwa pamoja na magome ya mti, chungu na kali, na mimi niliyekuwa nimebeba chati ya ukakasi wa mimea nikakunja uso kama mtoto. Walinicheka vizuri. Kumbe waliokuwa wakila vitu hivyo tangu zamani ni wao, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Sasa kosa langu.

Kliniki nitaiacha bila jina, kwa sababu kosa lilikuwa langu wala si lake. Asubuhi moja watu walikuwa wamejaa mpaka nje, na akaingia Mzee Wachira na mkewe, Mama Muthoni. Walitoka Endarasha, wakulima wa vitunguu na viazi. Mume alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, amevaa koti la suti la Jumapili, na alikuwa mzee wa kanisa. Kijibarua kutoka kwa daktari kilisema ini limejaa mafuta, ashauriwe chakula.

Nikamuuliza, "Mzee, pombe unakunywa?"

"Sijawahi."

Nikatabasamu. Mtalijua tabasamu hilo, mtakuja kuwa nalo msipojichunga. Huku kwetu pombe imemaliza nyumba nyingi mno, na likitajwa ini kila mtu anatafuta chupa kwa pua. Tena kila anayeketi mbele yako pamoja na mkewe husema hajawahi.

"Hata kidogo? Hata ya arusi?"

"Hata ya arusi. Hata ile muratina ya mahari yangu mwenyewe walikunywa wazee, mimi nikapewa uji."

Nikamuuliza mara ya tatu, na safari hii nilimtazama mkewe badala yake.  Mama Muthoni alikuwa ameshika daftari la hospitali, lile la shule ambalo kila mgonjwa hujinunulia. Akanipa. Mkono wangu ukaandika mistari niliyokuwa nikiwaandikia wote wa ini, wala sikuhitaji kufikiri: Aache pombe kabisa. Apunguze mafuta na sukari. Ale mboga za kutosha. Arudi baada ya miezi mitatu. Nikatia sahihi, nikaita anayefuata.

Mzee Wachira hakuweza kusoma maandishi madogo. Aliyesoma kila kitu nyumbani kwao ni mkewe, kuanzia Biblia hadi karatasi za mbolea, na daftari hilo alilisoma akiwa bado kwenye benchi la nje. Nilikuwa sijui kwamba baba yake aliuawa na pombe. Nilikuwa sijui kwamba yeye, akiwa msichana wa shule, ndiye aliyekuwa akitumwa kumtafuta baba kwenye mitaro na kumsukuma hadi nyumbani, na kwamba alipochumbiwa aliomba jambo moja tu kwa mwanamume atakayemwoa. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Mistari minne ya kalamu ilinitosha.

Miezi mitatu ilipokwisha Mzee Wachira alirudi, peke yake. Suruali ilikuwa imeshikwa na mshipi uliotobolewa tundu jipya. Nikafurahi, nikasimama kumpa mkono.

"Mzee, umepungua. Vizuri sana."

"Nimepungua juu sipikiwi," akasema.

Akaketi. Alizungumza akitazama mikono yake, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mkewe hakuwa amemfukuza wala kumtukana. Aliacha tu kumpakulia. Alipika chake, akala, akaosha sufuria. Waliishi nyumba moja wakipishana mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa akila mkate na soda kwenye hoteli ya pale senta. Jambo lilikuwa limefika kanisani, wakamwambia akiachie kwanza kiti chake cha mzee wa kanisa hadi mambo yawe wazi.

"Miaka thelathini na nne, daktari. Ati mimi nimekuwa nikimficha miaka thelathini na nne." Akalifungua daftari juu ya meza yangu. "Nisomee hapa."

Nikasoma. Nikaishia kwenye neno la pili, pombe.

"Nani alikuambia mimi nakunywa?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi ufute."

Nikachukua kalamu, nikaukata ule mstari, nikaandika pembeni kwamba mgonjwa hanywi pombe na kwamba kosa ni langu, nikatia sahihi na muhuri. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Alilifunga daftari taratibu.

"Hapa umefuta," akasema. "Lakini bibi yangu si daftari."

Jumamosi nilikwenda Endarasha. Mnapoambiwa kwamba kazi yetu huishia mlangoni pa kliniki, msikubali. Shamba lao lilikuwa zuri kupita kiasi. Vitunguu vyekundu vilikuwa vimetandazwa ghalani vikikauka, sukuma imesimama kijani, kabichi zimefungwa kwenye nyavu zikingoja lori la Nairobi. Kisha nikaingia jikoni na kwenye meza nikaona mkate mweupe, kopo la sukari na chupa ya chai. Rangi zote za shamba lile zilikuwa za kupakiwa kwenye lori. Eneo letu zima la Kieni tuko hivyo, tunalima dawa ya ini na kuwapelekea watu wa mbali.

Mama Muthoni alikuwa akichagua vitunguu. Hakuacha kuchagua niliposalimu. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba niliandika kwa mazoea, kwamba hakuna kipimo kilichoonyesha pombe, kwamba ini linaweza kujaa mafuta kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa, na kwamba nilimkosea yeye na mumewe. Mzee Wachira alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Baba yangu pia alikuwa hanywi," Mama Muthoni akasema. "Alikuwa anatuambia hivyo kila asubuhi."

Akatupa kitunguu kibovu kando.

"Ile siku uliandika ulikuwa daktari. Leo unasema ulikuwa unaandika tu. Sasa mimi nitajuaje ni siku gani unadanganya?"

 Basi nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikavuta gunia nikaketi, nikamwomba anieleze mumewe alikuwa akila nini kutwa nzima, zamani kabla ya haya, kuanzia anapoamka.

"Hapa? Hapa hali," akasema, na sasa hasira ilitoka. "Asubuhi chai moja, anaenda shamba. Mchana anaenda kuona wagonjwa wake wa kanisa. Akirudi jioni, chakula inamshinda. Ameshiba. Macho imelegea hivi, anasinzia kwa kiti, anaamka anaenda choo mara nne. Mimi nimeona hiyo maneno kwa baba yangu. Nilikuwa najiambia, hapana, huyu ni uchovu. Halafu nikasoma kitabu yako."

Nikamgeukia mzee. "Huko kwa wagonjwa unapewa nini?"

"Chai," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama mvua hunyesha.

"Ngapi?"

"Kwa kila nyumba."

"Na ukikataa?"

Wote wawili walinitazama, mume na mke, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. Nyinyi mnajua huku kwetu. Mtu aliyekuchemshia maziwa yake humwachii kikombe kimejaa, sembuse ukiwa mzee wa kanisa na yeye ni mgonjwa.

Kanisa lilikuwa limemnyima kiti lakini wagonjwa hawakuwa wameambiwa, na yeye hakuwa ameacha kwenda. Siku hiyo alikuwa na nyumba nne. Nikamwomba Mama Muthoni tuandamane. Alifunga kitambaa kichwani akatutangulia barabarani, na nawaambia ukweli, hakwenda kama mke. Alikwenda kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyevunjika mguu. Chai ya maziwa, sukari imetiwa huko huko jikoni, kikombe kikubwa cha bati, na mkate uliopakwa siagi. Mzee aliomba, akanywa akamaliza. Nyumba ya pili chai na mandazi. Ya tatu, kwa sababu waliona mgeni wa mjini, walituma soda, na baada ya soda chai ikaja pia. Mwenye nyumba alimwambia Mama Muthoni kwa fahari, "Mzee wetu tunajua anapenda ya kukolea. Yake tunamwekea vijiko viwili zaidi."

Nilikuwa nahesabu vijiko kimoyomoyo, na nilipomtazama Mama Muthoni niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anahesabu pia. Kisha akaacha. Alikuwa amemgeukia mumewe, aliyezama kwenye kochi la watu, mchana kweupe, na macho yake yalikuwa yameanza kulegea.

Mtataka kujua ini lilikuwaje, kwa hiyo niwaambie sasa tusikae tukisubiri. Aliacha sukari ya kwenye chai na soda kabisa. Mama Muthoni alianza kutenga vitunguu na mboga za nyumbani kabla lori halijafika, akapika njahi na mukimo wa viazi vilivyopondwa na majani ya malenge, akapika sukuma kwa dakika chache kama Mama Zainabu alivyonifundisha mimi. Mzee alizidi kutembea, akapungua kwa njia iliyo sawa. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha ini limepunguza ule weupe, nasi hatukuweza kusema ni kitu gani hasa kilichofanya kazi, kitunguu au miguu au sukari iliyoachwa. Pengine vyote. Kiti chake kanisani alirudishiwa. Mambo hayo yote ni mazuri, na ningeweza kuishia hapo kama naandika ripoti. Lakini nikiwa peke yangu, ninachokikumbuka ni nyumba ya nne.

Ilikuwa ya ajuza mmoja mjane, Shosho Wambui, anayeishi peke yake na haoni vizuri. Alikuwa amemngojea mzee wake tangu asubuhi. Maziwa alikuwa ameyaficha kwa ajili yake. Akamimina chai kwa mikono inayotetemeka, bila kumwaga hata tone, akakisukuma kikombe mbele ya Mzee Wachira. Naye akanyoosha mkono kukichukua, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mama Muthoni akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

Nilishtuka. Hakuna mtu anayefanya hivyo nyumbani kwa mtu, sembuse kwa ajuza. Mvuke ulikuwa unamchoma lakini hakuondoa mkono.

"Shosho, unisamehe," akasema. "Huyu hatakunywa."

"Kwani nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Ako mgonjwa wa ini. Na watu watakuambia ni pombe." Akamgeukia mumewe. "Si pombe. Huyu mtu hajawahi kuonja pombe tangu anioe. Mimi ndio bibi yake, na ni mimi nasema. Ni chai yetu, Shosho. Ni kila nyumba kumpenda na sukari, na yeye hajui kukataa."

Mzee Wachira alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mimi nikatazama ukutani kwa sababu sikustahili kuona.

 Shosho Wambui akairudisha ile chai kwenye sufuria, akachukua fimbo yake akatoka, nami nikadhani ameudhika na kwamba leo nimeharibu nyumba nyingine tena. Akarudi na matunda damu matano, yale yanayofanana na nyanya, ndani ya aproni yake, yameiva mpaka yamekuwa meusi kidogo.

"Hizi mimi hupatia watoto wakitoka shule," akasema kwa aibu. "Sikujua unaweza pea mzee wa kanisa."

Mama Muthoni akaomba kisu. Akakata tunda moja katikati. Shosho akanyoosha mkono kwenye kopo la sukari kama sote tulivyozoea kulila tunda hilo, na sisi watatu tukasema hapana kwa pamoja, hata yeye akacheka. Kisha Mama Muthoni akachota ndani ya tunda kwa kijiko, akampelekea mumewe. Kwa miezi mitatu mtu yule hakuwa amekula kitu chochote kutoka mkononi mwake. Alikipokea kijiko akakishika tu, machozi yakimdondokea kwenye koti.

"Kula," akamwambia. "Nikuongezee."